Gari la spoti likiitwa kurejeshwa kwa kasoro ya breki: mwongozo kwa mwenye gari wa Mombasa

Kiwanda kinapogundua kwamba breki za gari kilichouza zina kasoro, hutangaza wito wa kulirejesha na kuwaandikia barua wamiliki wanaotambulika katika daftari za usajili za nchi gari lilikouzwa. Gari la spoti lililotua bandarini Kilindini likiwa limeshatumika Japani au Uingereza lilikwisha kuondolewa katika daftari hizo lilipokuwa likiandaliwa kusafirishwa. Barua, ikiandikwa, humfuata aliyekuwa mwenyewe huko Osaka au Birmingham, nawe huku unaendelea kuvuka Daraja la Nyali kila asubuhi pasipo habari. Mafundi wetu wito huu huuita rikoli, na Wajapani nao hulitamka neno hilo karibu vivyo hivyo, kwa hiyo hata mimi nitalitumia.

Gari langu la milango miwili nililinunua katika yadi moja ya hapa mjini, nikaliendesha miezi minane kabla ya kujua kwamba rikoli ya breki zake ilikuwa imetangazwa muda mrefu kabla halijapakiwa melini. Aliyenifumbua macho ni muuza spea niliyemwendea kwa ajili ya mpira wa mlango: aliingiza nambari ya chesi katika kompyuta yake, akatulia kidogo, kisha akaniuliza, "Sheikh, hii breki walishakubadilishia?" Hatua zinazofuata ndizo nilizozipitia, nimezipanga kwa utaratibu ambao ningependa kuukuta siku ile.

Hatua ya kwanza: nakili nambari ya chesi kutoka kwenye chuma

Usiinakili kutoka kwenye logibuku peke yake, kwa kuwa herufi moja iliyokosewa wakati wa usajili inatosha kukupa majibu ya gari la mtu mwingine. Fungua boneti utafute kibati kilichopigiliwa kwenye ukuta unaotenganisha injini na dashibodi, au uangalie kwenye nguzo ya mlango; katika magari mengine nambari imegongwa kwenye chuma chini ya zulia la kiti cha abiria. Ipige picha, kisha uilinganishe na logibuku herufi kwa herufi.

Gari la kiwanda cha Kijapani lililotengenezewa soko la Japani halina ile nambari ndefu ya tarakimu na herufi 17 inayotumika Ulaya na Marekani. Lina msimbo wa aina ya gari, kistari, halafu nambari ya mfululizo. Toyota 86 ya kizazi cha kwanza huanza na ZN6, nduguye Subaru BRZ huanza na ZC6, na Mazda Roadster ya kizazi cha nne yenye paa la turubai huanza na ND5RC. Ukiiingiza nambari ya namna hii katika tovuti ya Marekani utaambiwa kwamba haipo, na wengi hufika hapo wakadhani gari lao ni salama. Kwa gari lililotoka Uingereza, nambari itakuwa na vibambo 17, na humo hutaziona herufi I, O wala Q, ambazo huepukwa zisichanganywe na 1 na 0. Ukiona O, jua kwamba umesoma sifuri vibaya.

Hatua ya pili: uutafute wito katika nchi gari lilikotoka

Kwa gari la Japani, nenda kwenye tovuti ya Kijapani ya kiwanda chenyewe, si ile ya Kiingereza, utafute ukurasa wa rikoli wenye kisanduku cha kuingizia nambari ya chesi. Kivinjari cha simu kitautafsiri ukurasa huo vya kutosha kukuelekeza. Wizara ya Ardhi, Miundombinu, Uchukuzi na Utalii ya Japani nayo ina ukurasa wa kutafutia matangazo ya viwanda vyote. Utakutana na makundi matatu: rikoli kamili, inayohusu kasoro inayovunja viwango vya usalama, hatua za uboreshaji, ambazo zinahusu jambo la usalama lisilogusa viwango hivyo moja kwa moja, na kampeni za huduma, ambazo ni za mambo madogo zaidi. Yasome yote matatu ikiwa neno breki limetajwa.

Kwa gari la Uingereza, shirika la serikali linaloitwa DVSA lina huduma ya bure inayotumia nambari ya usajili ya gari, yaani zile namba za Kiingereza zilizokuwapo kabla ya kufungwa za Kenya. Ikiwa yadi ilizitupa, ziulize katika hati za usafirishaji. Hata kama gari lako halikutoka Marekani, tovuti ya mamlaka ya usalama barabarani ya huko, NHTSA, ni hazina: viwanda hulazimika kuwasilisha maelezo ya kina ya kasoro, chanzo chake na dalili zake, na hati hizo zimewekwa wazi kwa umma. Kwangu mimi zilieleza kwa kurasa mbili kile ambacho tangazo la Kijapani lilikisema kwa mistari minne.

Cheti cha ukaguzi kilichokuja na gari kutoka ng'ambo kisikutulize. Ukaguzi ule huangalia hali ya gari siku lilipokaguliwa, nayo kasoro ya rikoli mara nyingi ni ile ambayo bado haijajitokeza.

Hatua ya tatu: elewa kasoro ni ya sehemu gani, na kama gari linaruhusiwa kutembea

Rikoli za breki hazilingani uzito. Nitataja nne za kweli, kwa sababu kila moja inakudai ufanye jambo tofauti.

Mwaka 2022 Ferrari iliita magari 23,555 nchini Marekani, ya miundo mingi iliyotengenezwa tangu 2005, kwa ajili ya kifuniko cha kopo la mafuta ya breki. Kifuniko hicho hupaswa kupitisha hewa; kikiziba, ombwe hujengeka ndani ya kopo, mafuta yanaweza kuvuja, na breki zikapungua nguvu au zikakosekana kabisa. Matengenezo yenyewe yalikuwa kifuniko kipya pamoja na programu iliyorekebishwa ili dashibodi imwamuru dereva asimame mafuta yakipungua. Kitu kidogo kinachotosha kiganjani, katika gari la mamilioni ya shilingi.

Mwaka huohuo Mercedes-Benz iliita karibu magari milioni moja duniani kote, ya familia za ML, GL na R yaliyoundwa kati ya 2004 na 2015, kwa sababu kutu inaweza kuila busta ya breki, yaani chombo kinachouongezea mguu nguvu unapokanyaga. Wamiliki waliambiwa wasiyaendeshe kabisa mpaka yakaguliwe. Hayo si magari ya spoti, lakini nayataja kwa sababu ya mji tunaoishi. Unyevu ulikuwa ukinasa chini ya mpira uliozunguka busta, na hapa kwetu unyevu huo una chumvi ndani yake.

Mwaka 2024 Porsche iliyaita magari yake ya umeme ya Taycan kwa kuwa mipira ya breki za mbele, yaani mirija laini inayopitisha mafuta ya breki, iliweza kupasuka na kuvujisha mafuta. Na mwaka 2019 Subaru iliita zaidi ya magari milioni mbili, yakiwemo ya Impreza na Forester ambayo tunayo tele, kwa ajili ya swichi ya taa za breki: mvuke wa silikoni kutoka katika vipodozi na vifaa vya kusafishia uliweza kuingia ndani ya swichi, taa za nyuma zikakataa kuwaka. Ukiwaza jinsi vijana wa kuosha magari wanavyopenda kuing'arisha dashibodi kwa dawa ya kupuliza, utaelewa kwa nini nimelikumbuka hili.

Sasa lisome tangazo lako ukitafuta mambo matatu: jina la sehemu yenye kasoro, dalili zinazotangulia, na agizo kwa dereva. Ikiwa limesema gari lisiendeshwe, liegeshe siku hiyohiyo, hata kama breki unazihisi nzima. Ikiwa halikusema hivyo lakini kasoro inahusu kuvuja kwa mafuta, busta, masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga) au mipira, mimi ningeliegesha pia. Kwa swichi ya taa unaweza kuendelea kwa tahadhari, mradi kila asubuhi mtu asimame nyuma akuthibitishie kwamba taa zinawaka.

Hatua ya nne: lipime likiwa limesimama

Vipimo hivi havikuondolei rikoli. Vinakuonyesha tu kama hatari imeshafika mlangoni. Liegeshe mahali tambarare, weka vipande vya mbao nyuma na mbele ya magurudumu, na uzime injini.

Likanyage kanyagio la breki mara tano au sita mpaka liwe gumu. Ukiwa umelikandamiza, washa injini. Katika gari lenye busta ya kawaida kanyagio linapaswa kushuka kidogo chini ya unyayo, kama kitu kilichopumua. Lisiposhuka, busta haifanyi kazi au mpira wake wa hewa umepasuka. Baadaye, injini ikiwa bado inanguruma, likandamize kwa nguvu ya wastani kwa nusu dakika. Likizama polepole kuelekea sakafuni, mafuta yanapita mahali yasipopaswa kupita, ama nje kupitia mpira ama ndani ya masta silinda yenyewe.

Halafu chukua tochi. Mwangaza wa simu hautoshi, kwa kuwa utahitaji mkono wa pili. Chungulia upande wa ndani wa kila gurudumu, mahali mpira wa breki unapoingia kwenye kalipa (kile chuma kinachoibana diski), upitishe kidole. Maji hukauka na tope hukwaruza; mafuta ya breki huteleza baina ya vidole na hayakauki. Nawa mikono baadaye, na usiyaguse mafuta hayo halafu ukashika bodi, kwani yanaibabua rangi. Mwisho angalia kopo lenyewe. Mafuta mapya yana rangi ya asali nyepesi. Yangu yalikuwa kama chai ya mkandaa iliyokaa jikoni tangu alfajiri. Mafuta ya breki ya madaraja ya DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 hunyonya unyevu wa hewani, na unyevu huo hushusha kiwango chake cha kuchemka: DOT 4 ikiwa kavu haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, ikishanyonya maji kiwango cha chini kinachoruhusiwa ni nyuzi 155 tu. Anayeshuka mteremko wa Mazeras huku akikanyaga breki mfululizo anaweza kuikuta tofauti hiyo kabla hajafika Miritini.

Huku kwetu ongeza kipimo cha kutu. Pale busta inapokutana na masta silinda, chini kabisa, kwanguakwangua kidogo kwa kitu kisicho na ncha. Vumbi jekundu si tatizo. Maganda yanayobanduka kama ya kitunguu ni tatizo, na hapo usiendelee kukwangua. Piga picha na uache, kama nilivyofanya mimi.

Hatua ya tano: lipeleke bila kuliendesha

Liite lori la kitanda bapa, lile linaloteremsha kitanda chake hadi chini. Brekidauni ya kuning'iniza magurudumu ya mbele itakuvunjia bampa, na kuvutwa kwa kamba hakufai kabisa, kwa kuwa dereva wa gari linalovutwa anazihitaji breki kuliko mtu yeyote barabarani. Magari haya yako chini mno, hivyo mwambie mwenye lori mapema aje na mbao mbili ndefu za kulegeza mwinuko, na umwombe afunge mikanda kwenye magurudumu, asifunge kwenye vyuma vya chini.

Anayetoka Likoni au Diani ana uamuzi wa ziada. Maji yakitoka sana, hasa wakati wa bamvua, njia ya kuingilia na kutokea feri huwa na mteremko mkali, na gari la chini huburura tumbo hata likiwa na breki nzima. Lenye breki za mashaka halina kazi pale, kwa sababu mbele yako na nyuma yako kuna watu wanaotembea kwa miguu. Lipitishe juu ya lori kwa barabara ya Dongo Kundu, hata kama ni mzunguko.

Hatua ya sita: zungumza na wakala kwa nambari, kisha kwa maandishi

Mawakala wengi wa viwanda vikubwa wana makao yao Nairobi na tawi hapa Mombasa. Piga simu ukiwa na nambari ya chesi, nambari ya rikoli kama ilivyo kwenye tangazo, na tarehe ya tangazo. Uliza kama wanaiona rikoli hiyo katika mfumo wao, kama wanalihudumia gari lililoingizwa na mtu binafsi, kama kazi ni ya bure au utalipia spea, na kama spea ipo au inaagizwa. Simu yangu ya kwanza ilidumu dakika mbili na ikaishia kwa "gari hili si letu, bwana." Ya pili, iliyotanguliwa na barua pepe yenye picha ya kibati na nakala ya tangazo, ilipokewa na mtu wa karakana badala ya mtu wa mapokezi, na mazungumzo yakawa mengine.

Katika nchi rikoli ilikotangazwa, kazi hufanywa bure. Hapa, kwa gari ambalo wakala hakuliingiza yeye, mambo hutegemea makubaliano yake na kiwanda: wapo wanaolifanya bure, wapo wanaotoza kazi pekee, wapo wanaokataa. Anayekataa, mwombe akuandikie. Kisha uiandikie idara ya wateja ya kiwanda chenyewe, uambatanishe jibu hilo, na uulize mambo mawili mepesi: nambari kamili ya spea inayotumika katika rikoli, na ni nani Afrika Mashariki anayeruhusiwa kuifunga. Wanaweza kuchelewa, lakini nambari ya spea peke yake tayari ni ushindi mkubwa.

Ikiwa gari ulilinunua karibuni, mjulishe muuzaji pia kwa maandishi. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, ya kulindwa afya na usalama wake, na ya kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na bidhaa mbovu. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 imelifafanua jambo hilo zaidi. Malalamiko yanaweza kupelekwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, na dai lisilozidi shilingi milioni moja linaweza kusikilizwa katika Mahakama ya Madai Madogo. Anza kwa adabu, lakini weka tarehe katika kila unachokiandika.

Hatua ya saba: ukilazimika kutengenezea kwingine

Fundi wangu wa Majengo ni hodari, na nilimpenda zaidi siku aliponiambia kazi hii hawezi kuimaliza peke yake. Katika magari mengi ya kisasa, kutoa hewa kwenye mfumo wa breki wenye ABS (unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga kwa nguvu) kunahitaji kompyuta inayoifungua pampu ndani. Bila hiyo hewa hubaki, na kanyagio likawa kama sifongo. Tafuta gereji yenye mashine inayosoma chapa ya gari lako, na umwombe fundi akuonyeshe imeunganishwa kabla hajafungua nati yoyote.

Spea iagizwe kwa nambari iliyotajwa katika rikoli, ile yenye toleo jipya. Nambari ya zamani inaweza kukuletea kitu kilekile chenye kasoro kikiwa kimefungwa vizuri katika boksi jipya. Usikubali mpira uliounganishwa katikati, wala busta iliyobanduliwa kutoka gari jingine lililokatwa, hata kama bei ni robo. Mafuta ya breki yafunguliwe mbele yako kutoka kwenye chupa iliyofungwa, yawe ya daraja lililoandikwa kwenye kifuniko cha kopo. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi na hizo nyingine, ijapokuwa jina linafanana na DOT 5.1. Spea ya zamani ichukue uende nayo nyumbani.

Hatua ya nane: kulipokea gari

Kabla hujatoka gereji, rudia vipimo vyote vya hatua ya nne. Likipita, liendeshe uani kwa mwendo wa mtu anayetembea, ukanyage breki mara kadhaa, ndipo utoke. Na mara ya kwanza barabarani iwe asubuhi mapema, kabla matatu hazijaamka. Weka karatasi nyeupe chini ya kila gurudumu usiku huo na usiku unaofuata. Doa lolote linaloteleza linakurudisha kwa fundi.

Dai hati inayotaja nambari ya chesi, nambari ya rikoli, nambari ya spea, kilomita na tarehe, pamoja na risiti. Ikiwa kazi ilifanywa na wakala, ingia tena katika tovuti ya kiwanda baada ya wiki chache uone kama rikoli inaonyeshwa kuwa imetekelezwa. Ikiwa ilifanywa na gereji ya kawaida, tovuti itaendelea kuionyesha kuwa bado, pengine daima, na hati yako ndiyo itakayokuwa ushahidi pekee mbele ya kampuni ya bima au ya mnunuzi. Yangu nimeitia ndani ya bahasha moja na logibuku, pamoja na picha ya ile kutu.